Kutoka Mbezi hadi Iringa, tunaongea kwa mikono

Basi la Iringa lilikuwa bado halijatoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Wapiga debe wanaitana, injini zinanguruma, abiria wa dirishani wanapaza sauti kuwaaga ndugu zao na hakuna anayemsikia mwenzake. Mama wa kiti cha mbele yangu alikuwa na raha zake. Kioo kimefungwa, na yeye na kijana aliyesimama chini wanaongea kwa alama: vitenge viko kwenye buti, mtoto apelekwe kliniki Jumatatu, hela iliyobaki ilipe maji.

Niliyaelewa karibu yote, na moyo ukanienda mbio. Najifunza Lugha ya Alama ya Tanzania jioni, baada ya kazi, na mpaka siku ile nilizoea alama za mwalimu, moja moja, zilizonyooka kama mwandiko wa ubaoni. Nikamgusa bega, nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akanitazama vizuri, kisha akauliza: kiziwi? Nikamjibu nasikia, ila najifunza. Papo hapo akamwomba jirani yangu wabadilishane viti.

Hadi Morogoro alikuwa ameshanifundisha kusoma uso. Nyusi zikipanda, jibu ni ndiyo au hapana. Zikishuka, anataka kujua nani, wapi au kwa nini. Darasani tulielezwa hayo, lakini kwake yalikuwa yanakwenda kwa kasi ya mazungumzo, na kila nilipoangalia mikono tu alininyanyua kidevu taratibu nimtazame machoni.

Alisoma Tabora, kwenye shule iliyofunguliwa mwaka 1963, ya kwanza ya viziwi nchini. Mumewe alisoma Buguruni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1974. Walipooana, kila mmoja alikuja na alama za shuleni kwake, kwa kuwa watoto wa mabweni tofauti walikuwa wamekuza alama zao wenyewe. Siku za mwanzo walibishana mezani hata juu ya vitu vidogo vya jikoni, na watoto wao, ambao wanasikia, wamekua wanajua za baba na za mama. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimefanya kazi kubwa ya kukusanya alama za nchi nzima kwenye kamusi. Mimi nafurahi kwamba za nyumba kama ile bado zipo.

Mikumi, barabara inapokatiza hifadhini, yeye ndiye aliyewaona twiga kabla ya basi zima.

Mbele ya hapo tukasimama. Kondakta akapiga kelele: kuchimba dawa, dakika kumi! Mama aliona watu wanainuka tu. Akanieleza kwamba zamani basi moja liliwahi kumwacha njiani na mizigo yake ikaenda. Tangu hapo anatembea na kikaratasi: "Mimi ni kiziwi. Tukisimama niambie ni dakika ngapi." Humwonyesha kondakta kabla ya kukaa. Niliumia. Maneno manne ya kondakta, yanayotupita sisi wengine bila kuyafikiria, yeye huyatafuta kwenye nyuso za watu safari nzima.

Tulipanda mlima wa Kitonga jua likizama. Kufika Ilula taa za ndani zikazimwa, na giza ndilo linalowakata viziwi maneno. Akawasha tochi ya simu, akaniwekea mkononi niimulike mikono yake, tukaendelea hadi Ipogolo, Iringa.

Kesho yake alinipeleka Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi. Leo kuna wafumaji, washonaji na mkahawa unaohudumiwa na viziwi. Niliagiza chai na keki kwa alama, na mhudumu akaniuliza habari za Dar bila kunipunguzia mwendo. Sijawahi kuheshimiwa namna ile darasani.

Jioni wenzake walijaa kwake. Viti vilipangwa duara ili kila mtu aonekane. Wakaanza kunitafutia jina la alama, maana hilo hujitungii mwenyewe, hupewa na viziwi. Mmoja alipendekeza miwani. Akakataliwa, tayari kuna mwenye jina hilo. Mzee mmoja akanitazama nikicheka, akagusa meno ya mbele kwa kidole: mwanya. Mikono yote ikapaa ikitikisika, ndiyo makofi yao.

Kisha wakanipa kazi. Zahanatini kwao wauguzi huita wagonjwa kwa sauti, na kiziwi huweza kukaa benchini hadi mchana zamu yake imeshapita. Wanataka wakawafundishe wauguzi alama za mwanzo katika Wiki ya Viziwi, mwishoni mwa Septemba. Watakaofundisha ni wao wenyewe. Mimi nitakaa pembeni niwasomee wauguzi maelezo. Nimeshaomba ruhusa kazini.