Mwanachama Anayeitwa Blanki

Nimerudi nyumbani saa moja na nusu usiku. Mvua ya Tukuyu haijakatika tangu asubuhi, viatu nimeviacha mlangoni, na bado nawaza hesabu za maziwa za Aprili.

Kwa wasiojua kazi yangu: ni mhasibu msaidizi wa ushirika mdogo wa wafugaji. Tuna vituo vitatu vya kukusanyia maziwa. Kila kituo kina karani mwenye laktomita (kifaa cha kupimia kama maziwa yametiwa maji), chupa ya spiriti ya kupimia kama maziwa yanaganda, na daftari. Mwisho wa mwezi madaftari yanaletwa kwangu, naingiza kila kitu kwenye Excel, mstari mmoja kwa mwanachama mmoja kwa siku moja, kisha natengeneza pivoti, yaani jedwali la muhtasari: namba za wanachama pembeni, lita katikati. Kamati inaitaka ile karatasi ili iamue nani akopeshwe pumba na mashudu. Sharti ni wastani wa lita 7 kwa siku.

Asubuhi pivoti ilinishangaza. Hakuna mtu aliyezidi 30. Watu wanaoleta ndoo mbili kila siku, mwezi mzima wawe na 30? Nikanywa chai kwanza. Baadaye ndipo nilipoona kwamba kompyuta yangu hii kuukuu haikujumlisha lita, ilihesabu mistari yenye kitu. Safu ya lita ilikuwa na visanduku vitupu, na toleo hili la Excel likikuta hata kimoja kitupu kwenye safu unayoiweka katikati, linaona hiyo si safu ya namba, linakupa idadi badala ya jumla. Aprili ina siku 30, basi ndiyo ile 30 yangu. Nikabadilisha kuwa jumla, lita zikaja. Nilijicheka.

Chini kabisa ya orodha kulikuwa na mwanachama mmoja ameandikwa "blank", yaani kitupu. Lita 46. Mjumbe mmoja wa kamati aliyekuwa amepita kuchukua mwavuli wake akainama kwenye kioo akauliza, "Huyu Blanki ni nani? Mbona simkumbuki, kiingilio amelipa?" Tulicheka mpaka karani wa mapokezi akaja kuchungulia. Kumbe ni watu watatu waliojiunga katikati ya mwezi na hawajapewa namba ya uanachama. Mimi natumia namba badala ya jina kwa sababu majina yetu huku yanajirudia mno. Pivoti ikiona namba haipo, inawatia wote kwenye gunia moja. Kama ningeficha ule mstari kwa kuondoa tiki, kama nilivyofanya mwezi wa pili bila kuwaza (Mungu anisamehe), lita 46 za watu zingepotea kwenye malipo na karatasi ingeonekana safi kabisa.

Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kwenye wastani.

Mzee mmoja wa kituo cha juu alileta maziwa siku 28, lita 7 kila siku. Jumla 196. Mama mmoja wa kituo cha chini ameandikiwa siku 15, lita 8 kila siku. Jumla 120. Nikaiambia pivoti inipe wastani. Mama akapata 8. Mzee akapata 6.5, yaani hakopeshwi. Nikakaa naitazama ile namba. Aliyeleta 196 yuko nje, aliyeleta 120 yuko ndani.

Ukweli ni kwamba kompyuta haikukosea popote. Wastani unaruka kisanduku kitupu kana kwamba siku hiyo haikuwapo, lakini sifuri inaihesabu. Na makarani wetu watatu kila mmoja ana mtindo wake. Wa kituo cha kati huchora kistari, ambacho kwa kompyuta ni maandishi, nacho kinarukwa. Wa kituo cha chini huacha wazi. Wa juu ni mtu wa nidhamu, mtu asipoonekana anaandika 0. Kwa hiyo nidhamu yake ndiyo iliyomponza mzee wa watu.

Nikafanya kile ambacho mtu mwenye haraka hufanya. Nikachagua safu yote, nikabonyeza F5, nikaenda kwenye visanduku vitupu, nikaandika 0, nikabonyeza Ctrl na Enter. Mwezi mzima ukajaa sifuri kwa kufumba na kufumbua. Mama akashuka hadi 4. Nikaona haki imetendeka, nikaanza kuchapa.

Saa nane mchana yule mama akaja dirishani. Alikuwa amesikia kwamba hesabu zimetoka, sijui nani anawaambia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umeniandikia siku ngapi?" Nikamwambia kumi na tano. Akanyamaza kidogo. "Kumi na tano? Siku nane nilikuwa msibani Kyela, hizo sikatai. Hizo nyingine nilileta kwa mkono wangu, na ndoo yangu ya bluu. Karani hakuwapo, alipokea yule kijana wake."

Nikapiga simu. Karani akasema subiri. Baada ya nusu saa akaja na bodaboda, amelowa, mkononi kipande cha boksi la sabuni. Kijana alikuwa ameandika pale kwa kalamu ya mkaa, namba za watu na lita, siku nne, kwa sababu daftari lilikuwa limefungiwa kabatini. Kwa mama zilikuwa lita 31. Zimekaa nyuma ya ndoo za kituo wiki mbili, na mimi nilishaziandikia sifuri.

Nikafuta sifuri zangu zote. Nikaongeza safu mpya kwenye jedwali, nikaiita "sababu", nikaanza kuwapigia makarani mstari kwa mstari: hakuleta, yamekataliwa kwenye kipimo, ng'ombe amekaushwa (hakamuliwi) anasubiri kuzaa, kituo hakikupokea, haijulikani. Kisha nikaiweka ile safu kwenye pivoti pembeni ya lita. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba sifuri mbili za mzee zilikuwa siku ambazo umeme ulikatika, tanki la kupozea likawa halifanyi kazi, nasi tukamrudisha na maziwa yake. Hizo si siku zake, ni zetu. 196 gawanya kwa 28 ni 7 kamili.

Na mama? Sasa ana 151. Ukigawa kwa siku 19 alizoleta, anapata karibu 8. Ukizihesabu na zile nane za msiba, yuko chini ya 6. Hilo kompyuta haiwezi kuniamulia, na mimi mwenyewe silitaki. Nimechapa karatasi mbili, kamati itakaa Jumatano. Nilipomweleza, alisema pumba watajua wao, yeye kwanza alipwe hizo 31.

Zimebaki siku tatu za mama. Kwenye boksi hazimo, kijana hakumbuki, mama anasema alileta. Nimevipaka njano vile visanduku vitatu na nimeviacha vitupu. Kesho asubuhi napita kituoni kumuuliza kijana tena, labda akiziona zile ndoo atakumbuka.