Alifu Moja Katika 786

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii ujumbe mmoja umenifikia kwenye simu mara tatu, kila mara kutoka kwa ndugu mwingine, na wa mwisho aliutanguliza kwa "Subhanallah". Ujumbe wenyewe unadai kwamba 786, namba ya Bismillahi ambayo tumeizoea juu ya milango ya maduka na kwenye vichwa vya barua, ndiyo pia namba ya Hare Krishna, utajo ambao Wahindu humwita mungu wao Krishna, na kwamba tarakimu zake zikiandikwa kwa Kidevanagari, yaani hati inayoandikiwa Kihindi na Kisanskriti, kisha zikatazamwa kwenye kioo, hutokea Om, alama takatifu ya Wahindu. Basi, anamalizia mwandishi, Bismillahi yetu na utajo wao ni siri moja. Nimeona Ijumaa hii tukae na kalamu na karatasi kwanza.

Hesabu ya abjadi inaipa kila herufi ya Kiarabu thamani yake, kuanzia alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1000. Neno "bismi" lina be 2, sini 60 na mimu 40, jumla 102. "Allah" ni alifu 1, lamu mbili za 30 kila moja na he 5, jumla 66. "Arrahmani" ni 329 na "Arrahimi" ni 289. Ukizijumlisha zote unapata 786, na hapo hakuna aliyedanganya. Waislamu wa Bara Hindi ndio walioizoea zaidi namba hii, na nia yao ya asili ilikuwa ya adabu: karatasi hutupwa, hukanyagwa, hufungiwa karanga, kwa hiyo mtu akaona bora aandike tarakimu kuliko jina la Mola wake kuangukia jalalani. Nia hiyo naiheshimu, ingawa Nabii Sulayman aliandika Bismillahi kamili katika barua yake kwa malkia wa Sabaa aliyekuwa akiabudu jua, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akafanya hivyo hivyo katika barua yake kwa Hirakli, mfalme wa Warumi.

Sasa tuje kwa Hare Krishna. Iandike kwa herufi za Kiarabu: he 5, re 200, ye 10, hiyo ni 215, kisha kafu 20, re 200, shini 300, nuni 50 na alifu 1, hiyo ni 571. Jumla ni 786 kweli, na nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoipiga mwenyewe mkono ulisita kidogo juu ya karatasi. Lakini itazame ile alifu ya mwisho. Kwa Kiurdu jina hilo huandikwa sana bila alifu, nayo ikiondoka jumla ni 785. Na upande wetu pia kuna alifu inayongoja mlangoni, kwa sababu "bismi" ya Bismillahi imeandikwa bila alifu ilhali katika aya ya kwanza ya Suratul Alaq, "Iqra' bismi rabbika", alifu hiyo imo. Tungeiandika na huku tungepata 787. Kwa hiyo ulingano wote huu umesimama juu ya herufi moja, ambayo mwandishi ameiweka alipoihitaji.

Tena Wahindu wana mfumo wao wenyewe wa kugeuza herufi kuwa namba, unaoitwa katapayadi, ambao wanazuoni wa jimbo la Kerala nchini India waliutumia katika unajimu na ambao hadi leo unatumika kutaja namba za raga 72 mama, yaani misingi ya sauti za nyimbo, katika muziki wa kusini mwa India. Kwa mfumo huo ni herufi "ka" na herufi "na" tu zinazohesabiwa katika jina Krishna, na namba yake ni 51. Anayetaka kumtukuza Krishna kwa hesabu alikuwa na mizani ya kwao tayari. Kumpima kwa abjadi ya Kiarabu ni sawa na kupima kitambaa kwa kibaba.

Suala la kioo ni jepesi zaidi. Ni kweli kwamba sita ya Kidevanagari ikigeuzwa hufanana na sehemu ya kushoto ya Om, ila saba na nane inabidi uzilaze, uzivute na uzipandishe mpaka zikubali. Na thamani ya herufi haina sura. Mia saba themanini na sita ni ile ile hata ukiiandika kwa Kirumi, DCCLXXXVI, na hapo sijui kioo kitaonyesha nini.

Asije mtu akadhani nawacheka watu wa mbali. Pwani yetu hii abjadi tunaijua vizuri mno. Ni wangapi ambao kabla ya posa majina yao na ya mama zao yalipelekwa kwa mwalimu wa falaki, yakajumlishwa, yakatolewa kumi na mbili kumi na mbili mpaka ikabaki namba ya nyota, na ndoa ikaambiwa nyota zinapatana au hazipatani? Ukiandika jina la bibi harusi kwa herufi ndefu badala ya fupi, nyota inahama. Nimewahi kuona ikihama mbele ya macho yangu, kwa sababu ya wau moja, na posa ikarudishwa.

Kama ni kutafuta, na mimi naweza. Al-Haqq ni katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu. Neno "haqq" lina ha 8 na qafu 100, jumla 108, na 108 ndiyo idadi ya shanga katika mala, uzi ambao Mhindu huuvuta akirudia jina la mungu wake. Al-Hayy, Aliye Hai: ha 8 na ye 10, jumla 18, na Bhagavad Gita, kitabu kitukufu cha Wahindu, ina sura 18, vita vinavyosimuliwa katika Mahabharata, utenzi wao mkuu, vilidumu siku 18, na Mahabharata yenyewe ina vitabu 18. Nimezipata hizi mbili kati ya alasiri na magharibi. Majina ni mengi, namba tukufu ni nyingi, na mtafutaji ndiye anayechagua aondoe "al" au aibakishe. Katika hali hiyo ajabu ingekuwa kukosa.

Hatari yake si kupoteza alasiri. Rashad Khalifa, Mmisri aliyekuwa mtaalamu wa biokemia na kuishi Tucson, Marekani, alianza katika miaka ya 1970 kueneza kwamba Qur'ani imejengwa juu ya namba 19, akianzia na Bismillahi ambayo kweli ina herufi 19. Wengi walimfurahia. Baadaye alipoona aya mbili za mwisho za Suratut Tawba hazikubaliani na hesabu yake, hakuitupa hesabu. Alizikataa aya, akasema si za Qur'ani, na akajiita mjumbe. Yaani namba iliyoletwa kama shahidi ilipanda ikakaa kiti cha kadhi, ikalihukumu Neno la Mwenyezi Mungu.

Hata hivyo namba zimo katika dini yetu, na zina kazi. Katika hadithi ya Abu Hurayra iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ana majina tisini na tisa, mia kasoro moja, na atakayeyadhibiti ataingia Peponi. Neno tunalolifasiri "kuyadhibiti" ni ahsaa, ambalo wanalugha wa Kiarabu hulirudisha kwenye kokoto, kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa kokoto. Wanazuoni wakaeleza kwamba kuyadhibiti ni kuyahifadhi, kuyafahamu na kuyaishi: anayemwita Mola wake Ar-Razzaq, Mwenye kuruzuku, asimnyime kibarua ujira wake kwa kuogopa ufukara. Wala 99 si ukuta wa kumzunguka Mwenyezi Mungu. Imamu An-Nawawi, mfafanuzi wa hadithi, ameeleza kwamba wanazuoni wameafikiana kuwa hadithi haikuyafunga majina yake katika idadi hiyo, na katika dua aliyoipokea Ibn Mas'ud tunamwomba kwa kila jina alilojiita, yakiwemo yale aliyoyaweka kwake katika elimu ya ghaibu. Jina lililoko ghaibu hatujui hata herufi zake. Nani atalipigia abjadi?

Na neno hilo hilo, ahsaa, limerudi mwishoni mwa Suratul Jinn, ila hapo anayehesabu ni Yeye: ameidhibiti idadi ya kila kitu. Nikiwa na tasbihi mkononi baada ya swala, thelathini na tatu, thelathini na tatu, thelathini na tatu, napenda kukumbuka kwamba shanga ziko pale kwa sababu mimi husahau nilipofika. Nadhani mzee wa Kihindu mwenye mala yake ya 108 naye ana tatizo hilo la kusahau, na katika hilo tu tunafanana zaidi kuliko katika ujumbe wote ule wa simu.

Mtaa niliokulia ulikuwa na maduka mawili yaliyopakana. La vitambaa lilikuwa la Banyani mwenye asili ya Gujarati. Kila Diwali alifungua daftari jipya la hesabu, akaandika "Shri", neno lao la baraka, kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wa kwanza, na Om ilikuwa ukutani nyuma yake. La misumari na rangi lilikuwa la Mwislamu, na daftari lake lilianza kwa 786. Wazee hawa walikopeshana chenji kila asubuhi kwa zaidi ya miaka ishirini. Yule Mwislamu alipofiwa, jirani yake alifunga duka siku tatu. Sikuwahi kusikia yeyote kati yao akimwambia mwenzake kwamba alama zao ni moja, na sidhani wangekubali, maana kila mmoja alijua vizuri anamwabudu nani na wapi njia zao zinaachana.

Nami nikiulizwa Uislamu unaniamuru nini juu ya jina analolitaja jirani yule, sihitaji kioo. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul An'am: msiwatukane wale ambao wao huwaomba badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya elimu. Ni aya ya 108. Nimeiona namba hiyo, nikatabasamu, nikaendelea kusoma ya 109.