Siku moja saiti: leo dogo ndiye aliyeseti nyumba

Saa 11 alfajiri. Goti la kushoto limeamka kabla yangu. Miaka 31 ya kuchuchumaa kwenye kozi ya kwanza ya matofali, lazima lidai chake. Chai ya rangi, kiporo cha wali, mkoba begani. Kutoka Mbagala hadi saiti Kigamboni napitia Kongowe; nikikosa daladala la mapema, nawakuta vijana wamekaa wanachezea simu.

Saa 1 asubuhi. Kiwanja kimeshafyekwa. Nyumba ni mita 12 kwa 9. Dogo, saidia fundi wangu, ana cheti cha VETA, chuo cha ufundi, mimi sina. Nimempa tepu, kamba na nyundo za kuseti, yaani kuichora nyumba chini kwa vigingi na kamba: "Leo unaseti wewe." Kacheka, akidhani namtania.

Fundi aliyenilea, kila tukifika kwenye kutoa skwea, yaani pembe mraba, alinituma maji. Narudi na ndoo, kamba zimeshakaa. Miaka miwili nabeba ndoo, pembe inapatikanaje sijui! Nilikuja kuijua siku aliyosahau kufuta alama zake za penseli kwenye kamba: sentimita 90 upande huu, 120 upande ule, nikapima kutoka alama hadi alama nikapata 150. Kumbe 3, 4, 5: pande za pembetatu zikiwa kwa uwiano huo, pembe ni skwea. Alihofia nitamnyang'anya kazi, na simlaumu sana. Alikuwa na watoto sita, pensheni hana.

Saa 3. Chai na chapati. Lori la mchanga limeingia. Nikachota kiganja, nikasugua: mchanga ukiacha tope mkononi, una udongo mwingi. Kisha nikaweka chembe ulimini.

"Mzee, unakula mchanga?"

Huku pwani ukiletewa mchanga wa ufukweni hutaujua kwa macho. Chumvi yake inaila nondo ndani ya zege kimyakimya, mpaka siku lenta, boriti ya juu ya milango na madirisha, inapasuka na kutema kutu. Huu hauna chumvi. Nikamwambia aonje na yeye. Kaonja, katema, kaonja tena.

Saa 5. Ubishi. Tumepima kona kwa kona, vipimo viwili vinavyotakiwa kulingana: huku mita 15.04, huku 14.96. Dogo anaapa ametumia 3, 4, 5. Kweli katumia, ila pembetatu yake ni ile ile ya 90 kwa 120 kwa 150. Ukikosea milimita 4 pale, na hizo ni unene wa kamba tu, ukizivuta mpaka mwisho wa nyumba zimekuwa sentimita 4. Labda darasani walimwambia, siku hiyo akawa amesinzia. Nikamwonyesha: piga pembetatu kubwa kadiri kiwanja kinavyoruhusu, mita 9, 12, 15. Pima kwenye kichwa cha msumari, siyo ukingo wa kigingi. Na anayeshika ncha ya pili aivute tepu kwelikweli, ikilegea inadanganya.

Saa 7. Wali maharage kwa mamalishe. Nimelala dakika kumi juu ya mifuko mitupu ya saruji.

Saa 8. Kang'oa vigingi vitatu, kaanza upya. Mikono inaniwasha nimsaidie. Maji ya kunywa yalikuwa yameisha, basi nikabeba dumu nikaenda kuchota mimi.

Nimerudi saa 9 kasoro. Tepu kashaikunja, yeye kakaa juu ya tofali.

"15 na 15, mzee."

Nimeikunjua nikapima tena mwenyewe.