Ulikuwa unaniuliza nini?

Leo Jumatatu. Viganja vimejaa malengelenge, majaketi yanachuruzika bafuni, na mimi badala ya kulala nimekaa narudia sentensi moja niliyoambiwa Jumatano kabla ya saa sita mchana.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba mgongo umemkatalia kaka yangu na hawezi tena kuning'inia kwenye waya wa chombo chetu cha tanga. Mwaka huu nimesafiri na mwanawe wa kwanza, yule niliyekuwa nikimfunga jaketi la uokozi akiwa na miaka 7 huku analia kwamba linambana kidevu. Sasa ana miaka 19. Siku 6 tumeshindana kwenye Hobie 16, katamarani ya watu wawili yenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, mimi kwenye usukani, yeye mbele na tanga dogo.

Lazima nieleze kidogo, maana bila hili mtaona nalalamikia kitu cha kitoto. Aliyeshika usukani kwenye katamarani haoni kila kitu. Mnapobisha kwenda kinyume cha upepo, umekaa upande wa joshini, upepo unakotoka, na tanga la mbele linakufunika upande wote wa demanini, upepo unakoelekea. Chombo kinaweza kutokea huko kikafika karibu sana kabla hujakiona. Macho ni ya mwenzako. Yeye yuko nje kwenye trapezi, ule waya wa kuning'inia, nyayo zimekaza ukingoni, anainama kuchungulia chini ya tanga. Na hakisii tu. Anatazama nchi kavu iliyo nyuma ya chombo kile: ikizidi kufunuka mbele ya omo yake (pua ya chombo), ninyi mtatangulia kupita, ikizidi kumezwa na omo, yeye ndiye atakayetangulia. Hilo nilimfundisha mimi.

Jumatano, shindano la pili, sisi tulikuwa na upepo wa kushoto. Kulia kwetu kikatokea chombo chenye upepo wa kulia, maana yake njia ilikuwa yake. Ukimkosea mtu hapo unajizungusha mara 2 nzima papo hapo, na katamarani haipendi kuzungushwa. Haina mkuku, ni nyepesi, ukiigeuza vibaya inasimama ikitazamana na upepo na kuanza kurudi nyuma huku wenzako wote wanapita.

Nikauliza, "Tunapita?"

Akachungulia. "Tunapita, Shangazi. Shikilia hapo hapo."

Nikashika kama pumzi mbili hivi. Nikauliza tena, "Una uhakika?"

"Nina uhakika, Shangazi."

Na mkono wangu ukavuta kana, mpini wa usukani. Sikuamua, au labda niliamua zamani kabla hata sijauliza. Omo zikashuka upande wa demanini, tukapita nyuma ya tezi yao, karibu kiasi kwamba nilisikia tanga lao likipigapiga. Kijana akabaki ananing'inia, maji yanamrukia usoni kwa sababu sikumwonya kwamba nashuka. Tuliporudi kwenye mstari wetu, bila kugeuka, akasema:

"Kama ulishaamua, ulikuwa unaniuliza nini?"

Hakupaza sauti. Hakusema Shangazi. Tangu ameanza kuzungumza sijawahi kusikia sentensi yake kwangu isiyo na Shangazi ndani.

Nikajibu, "Usalama kwanza, mwanangu." Na hilo ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu halikuwa kweli. Hapakuwa na hatari yoyote. Mahesabu yake yalikuwa sahihi, nami nilijua ni sahihi, maana ndiye pekee aliyekuwa anaona. Jioni nahodha wa chombo kile alikuja kunisalimia akasema alishajua tumempita, akashangaa kutuona tunashuka. Kijana alikuwa amesimama pembeni yangu anakunja kamba. Aliendelea kukunja.

Siku zile nyingine zilikwenda. Alhamisi upepo ulikufa, tukakaa majini saa 3 mpaka wakapandisha bendera ya kuahirisha. Chombo kimoja kilivunjika mlingoti. Na sisi mwishoni tukashika nafasi ya 3 kwa jumla, mara ya kwanza maishani mwangu, kaka yangu akapiga simu analia. Yote hayo nitayaandika siku nyingine nikiwa na moyo nayo.

Alhamisi ile majini nilijaribu kuomba radhi. Saa 3 tumekaa kwenye trampolini, kile kitambaa kilichotandazwa kati ya mitumbwi miwili, magoti yetu karibu yanagusana, tanga limelala, na neno halikutoka. Niliongea kuhusu mawingu. Aliitikia vizuri, "Ndiyo, Shangazi," kwa heshima zote, na heshima ile ilinichoma kuliko kama angenuna.

Ijumaa upepo ukarudi na hasira. Tulikuwa tunakata kwenda kwenye boya la pili, mbio kali, tezi zinatema maji nyuma yetu, nikamwona akinigeukia anacheka kwa furaha kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha omo ya demanini ikaingia chini ya wimbi, haikutoka. Chombo kikasimama ghafla kama kimegonga ukuta, yeye akarushwa mbele na waya wake, mimi nikamfuata, dunia ikapinduka.

Nilipoibuka nilimsikia kabla sijamwona. "Shangazi! Uko wapi, Shangazi?"

"Nipo!"

Akaogelea akaja, akaurusha ule ugwe wa kuinulia juu ya mtumbwi ulioelekea angani, akapanda kwenye ule wa chini. Ncha ya mlingoti ilikuwa imeshaanza kulala chini ya maji. Hapo kuna jambo moja la lazima: demani, yaani kamba za kuvutia matanga, za matanga yote mawili ziwe zimelegezwa. Zikibaki zimekazwa, chombo kikiinuka tu tanga linashika upepo, na ama kinaondoka bila ninyi ama kinawapindukia upande wa pili.

"Umelegeza zote mbili?" akaniuliza.

"Nimelegeza."

Akaegemea nyuma na uzito wake wote. Hakutazama. Zilikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama, angeweza kunyoosha shingo akaona mwenyewe, na kama nimekosea ni yeye ambaye mtumbwi ungemwangukia kichwani. Macho yake yalikuwa kwenye upepo, anasubiri ujiingize chini ya tanga. Nikapanda, nikashika ugwe nyuma yake, na moyoni nazikumbuka kamba zile moja moja, la mbele ndiyo, kuu ndiyo, nililegeza, nimelegeza. Chombo kikanyanyuka taratibu, maji yanamwagika kutoka kwenye tanga kama pazia, kikatua. Tukaking'ang'ania.

Sijui kama yeye alikumbuka. Mimi nilikaa kwenye trampolini natetemeka, nikamwambia, "Jumatano ulikuwa sahihi. Nilikosea kukuuliza mara ya pili."

Akawa anafungua fundo lililokazwa na maji, kwa meno. Akalitema. "Twende, Shangazi, wanatuacha."

Siku ya mwisho niliisubiri kwa hamu moja tu. Nilitaka tukutane na mtu tukiwa na upepo wa kushoto, nimuulize mara moja, anijibu, nishikilie. Mashindano 2, kila kona nachungulia. Hakutokea mtu. Kila tulipokutana na chombo, njia ilikuwa yetu. Basi.

Ameniandikia asubuhi hii kuuliza kama mwakani tunasafiri tena. Nimejibu kabla sijamaliza kusoma.

Sasa ni saa sita usiku na nimetoka kumfunika binti yangu. Wiki nzima alikuwa akiniandikia "niko sawa mama," maneno hayo hayo kila jioni. Amelala na taa imewaka. Hajalala na taa tangu ana miaka 6. Nimeizima, nikasimama mlangoni kidogo, nikaiwasha tena.