Twende kilioni chini ya kofia ya elektrodi

Mara ya kwanza nilipojitolea kupimwa mawimbi ya ubongo, nilienda na rasta zangu nene, zinafika mgongoni. Msaidizi wa maabara alihangaika nazo karibu saa nzima. Anazipekua kwa sindano butu, anaminya jeli, anatazama skrini, anarudi kupekua. Elektrodi, vile vinasa umeme vya kwenye kofia, haziigusi ngozi ya kichwa; ukinzani, yaani kizuizi cha umeme pale zinapogusa, haushuki. Mwisho akanivua kofia kwa upole, akanishukuru, nikaondoka. Njia nzima iliniuma. Watu wangapi wenye nywele za kipilipili wamerudishwa hivi, kisha matokeo yakaitwa ya ubongo wa binadamu?

Umeme wenyewe wa ubongo ni mdogo mno, makumi ya mikrovolti tu, yaani sehemu za milioni za volti, na unapita kwenye fuvu kwanza. Daktari Hans Berger alipoanza kuunasa kule Jena, Ujerumani, mwaka 1924, ilimchukua miaka mitano kuthubutu kuutangaza. Nafasi ndogo ya hewa kati ya ngozi na elektrodi inatosha kuupoteza.

Baadaye nikasoma kazi ya Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ya mwaka 2020: wao walisuka nywele kwanza, kichwa kikabaki wazi pale elektrodi zinapokaa. Nikampigia dada mmoja wa Temeke anayesuka huku ugenini. "Mdogo wangu," akasema, "hiyo si twende kilioni tu?"

Ndiyo hiyo hiyo. Tukapima kwa futi ya fundi cherehani, toka juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni: sentimita 36. Katikati, 18, akatia nukta ya wanja. Vipimo vya kofia vinakwenda kwa asilimia 10 na 20 za urefu huo, na elektrodi zimepangwa safu kutoka usoni kwenda kisogoni, sawasawa na mistari ya twende kilioni. Akachana mistari mitano myembamba, ngozi inang'aa. Hakupaka mafuta.

Safari hii kofia ilikubali ndani ya dakika ishirini. Zikaja herufi saba kwenye skrini, zikatoweka. Sekunde tatu za weusi mtupu, hapo ndipo kazi ilipo: unazishika kichwani, hupepesi macho, hubani meno, maana misuli ina kelele kuliko ubongo. Kisha herufi moja: ilikuwemo au haikuwemo? Ni aina ya jaribio la kumbukumbu la mwanasaikolojia Saul Sternberg la mwaka 1966, na kila herufi inayoongezeka humchelewesha mtu kujibu kidogo.

Baadaye nilionyeshwa mawimbi yangu. Katika zile sekunde tatu, alfa ya kisogoni, wimbi la kama mapigo kumi kwa sekunde, ilikuwa imevimba kwenye raundi za herufi saba kuliko kwenye zile za herufi tatu. Wengi wanaieleza kuwa ubongo unafunga mlango wa macho ili ulinde ulichokishika. Niliitazama mpaka machozi yakanilenga.

Nimemchorea msaidizi yule mistari mitano kwenye karatasi, na vipimo vyake. Sasa anaituma pamoja na barua ya mwaliko kwa kila mshiriki, wiki moja kabla.