Namna Nilivyoikomboa Breki ya Nyuma ya Pikipiki Yangu

Kwa karibu miezi miwili niliambiwa kwamba tatizo la breki ya nyuma ya pikipiki yangu ni pedi, vile vibao vinavyoibana diski ya gurudumu, na kila nilipobadilisha pedi tatizo lilirudi. Ninaishi Tanga, mchana napita njia za vumbi kando ya mashamba ya mkonge, na usiku pikipiki inalala karibu na bahari, kwenye hewa ya chumvi. Gurudumu la nyuma lilikuwa zito kulisukuma hata bila gia, na siku moja, baada ya mwendo wa kilomita zisizofika kumi, nilidondosha tone la maji juu ya diski likachemka papo hapo. Fundi wa kwanza alinishauri nizipige pedi msasa. Wa pili akaniambia, "Kaka, breki ya nyuma haina kazi, wewe tumia ya mbele," maneno ambayo yananikera hadi leo, kwa sababu kwenye mchanga na kokoto ukiibana breki ya mbele peke yake unaanguka. Wa tatu alitaka ninunue kalipa nzima, yaani kifaa kinachobeba pedi na kuzibana kwenye diski, kwa bei iliyokaribia laki mbili.

Nikaamua kuifungua mwenyewe. Pedi zilieleza nusu ya habari mara tu zilipotoka: ya upande wa pistoni, kile kipande cha mviringo kinachosukumwa na mafuta ya breki ili kiibane pedi, ilikuwa imelika hadi chuma, na mwenzake ilikuwa bado na nusu ya unene wake. Kalipa hii ina pistoni moja tu, kwa hiyo inategemea pini mbili za kutelezea ili pedi zote ziibane diski kwa nguvu sawa, na pini zikiganda pedi moja ndiyo inayobeba kazi yote. Pini ya kwanza ilitoka kwa mkono. Ya pili niliizungusha huku na huko kwa spana hadi ikaachia, ikiwa na kutu na grisi iliyokauka kama lami.

Kosa langu lilikuwa kufungua bomba la mafuta ya breki kabla ya kuitoa pistoni. Niliishika pistoni kwa koleo, nikiwa nimeizungushia kitambaa, nikavuta na kupinda hadi mikono ikatetemeka, isisogee hata kidogo. Nikajaribu pampu ya baiskeli kwenye tundu la bomba, lakini upepo ulivuja pembeni. Nilikuwa tayari kuipeleka kwa mziba pancha mwenye kompresa, na nashukuru sikufanya hivyo, kwa sababu pistoni ikirushwa na upepo wa nguvu ile inaweza kuvunja vidole vya anayeishika.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yangu, ambaye alifanya kazi ya mitambo ya mkonge kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitazama kalipa mkononi mwangu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Sasa mbona umeikata na kitu kinachoisukuma?" Nilielewa hapo hapo. Kanyagio la breki lina nguvu kuliko koleo lolote, kwa kuwa mafuta yanasukuma pistoni kutoka nyuma, tena sawasawa pande zote. Nilirudisha bomba, nikajaza mafuta, nikatoa upepo uliobaki ndani ya mafuta kwa harakaharaka, kisha nikaweka kalipa ndani ya beseni bila pedi na kukanyaga taratibu huku nikiongeza mafuta kila yalipopungua. Kwenye mkanyago wa nane au wa tisa pistoni ilianza kusogea, na baada ya dakika chache ikadondoka yenyewe ndani ya beseni. Alama za koleo zilikuwa kwenye ukingo wa nje tu, mahali ambapo sili, yaani mpira unaoizunguka pistoni, haifiki. Kama zingekuwa katikati, ningelazimika kununua pistoni nyingine. Mafuta haya yanakula rangi, kwa hiyo niliweka ndoo ya maji karibu na kumwagia kila tone lililoangukia fremu.

Kiini cha tatizo kilikuwa mahali ambapo hakuna fundi aliyetazama. Pistoni haina springi ya kuirudisha: ni sili ya mpira inayojipinda breki ikibanwa, na inayoivuta nyuma breki ikiachiwa. Ndani ya mifereji ya sili hizo, alumini ilikuwa imetoa ukoko mweupe mgumu, nao uliibana sili dhidi ya pistoni hadi ikashindwa kurudi. Bisibisi ingekwaruza mfereji, kwa hiyo nilichonga kijiti cha mwanzi kwa upana wa mfereji wenyewe, nikakwangua kwa zaidi ya saa moja, nikimalizia kwa mswaki wa zamani na spiriti. Kuna aliyesema nioshe kwa petroli. Petroli na oili ya injini huvimbisha sili za breki, nawe utakuwa umejirudishia ugonjwa uleule.

Sili mpya, pedi, washa za shaba za bomba, grisi ya silikoni ya pini na kopo la mafuta ya breki ya aina ya DOT 4, kama kifuniko cha pampu ya breki kilivyoagiza, havikuzidi elfu hamsini hivi. Sili na pistoni nilizipaka mafuta ya breki yenyewe, na pistoni ikaingia kwa kusukumwa na vidole gumba viwili.

Kutoa upepo kulinichelewesha hadi jioni, kanyagio likiwa laini kama sifongo. Niligundua kwamba kalipa inapokuwa mahali pake nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, haiko juu kabisa, hivyo upepo unabaki umejificha juu yake. Niliifungua kalipa tena, nikaining'iniza nipeli ikitazama juu, nikabanisha kipande cha ubao katikati ya pedi ili pistoni isitoke, na baada ya mikanyago michache mapovu yote yakapita kwenye mpira mwangavu hadi ndani ya chupa. Nikaifunga, nikakanyaga hadi kanyagio likawa gumu kabla ya kuwasha pikipiki, kisha nikazizoesha pedi mpya kwa kupunguza mwendo taratibu mara nyingi kwenye barabara tupu. Nilipofika nyumbani niliigusa diski kwa kiganja: ilikuwa na uvuguvugu tu, na gurudumu likazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja.