Ekari moja ya milingoti kwa jiko moja

Nyumba ya watu sita inayopikia mafiga matatu huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ikihesabu ugali, maharage, maji ya kuoga na ule moto wa kuota jioni, hula kilo 8 hivi za kuni kavu kwa siku. Kama unabisha, pima mwenyewe. Chukua mizani ya kuning'iniza, pima kuni asubuhi kabla ya kuwasha, pima zilizobaki usiku, fanya hivyo siku saba kisha ugawe. Kilo 8 kwa siku ni karibu tani 3 kwa mwaka, na hapo ndipo hesabu ya shamba inapoanzia. Wengi huanza na miche: mtu hununua miche 200 kwa sababu pesa imeishia hapo, halafu baada ya miaka sita anashangaa kuni zimeisha mwezi wa nne.

Tani 3 za mlingoti mkavu, yaani mkaratusi, ni kama mita za ujazo 5.5 za mti mtupu. Hekta moja ya milingoti iliyopaliliwa vizuri, kwenye mvua zetu, hukua mita za ujazo 12 hadi 20 kwa mwaka, kwa hiyo ekari moja hutoa 5 hadi 8. Ekari moja, jiko moja. Ukiwa na jiko banifu ekari hiyohiyo itakubakizia fito na nguzo. Ukiwa na kilabu cha pombe usianze na ekari moja.

Kwa nini mlingoti na si mpaini, wakati kutoka Mafinga hadi Njombe kila mtu kapanda mpaini? Kwa sababu mpaini ukiukata umekwisha, kisiki hakichipui. Unaanza upya na miche, mashimo na palizi. Mlingoti ukikatwa sawasawa huchipua kutoka kwenye kisiki, na mizizi ni ileile ya zamani, hivyo chipukizi la mwaka wa kwanza hukimbia kuliko mche wowote wa kitalu. Shamba moja huvunwa mara tatu au nne kabla visiki havijachoka.

Muwati nao una sifa zake. Kuni zake ni nzito na mkaa wake mzuri kuliko wa mlingoti, na mizizi yake huongeza naitrojeni kwenye udongo. Njombe waliujua mapema, maana kampuni ya TANWAT ilianza mwaka 1949 kwa ajili ya maganda yake ya kulainishia ngozi. Ila kisiki chake huchipua kwa shida. Muwati hujirudisha kwa mbegu, na mbegu zake ngumu hulala ardhini miaka mingi zikingoja moto. Ukitaka kuziotesha kitaluni, chemsha maji, yaepue, zitumbukize humo na uziache mpaka kesho yake. Zilizovimba ndizo za kupanda. Ukiupanda muwati pembeni ya shamba la mahindi, jua kwamba utakuwa unang'oa miche yake maisha yako yote.

Wa Usangu, kule Mbarali, mambo yao ni mengine: joto ni kali, mjohoro unastawi na unachipua vizuri kisikini. Wenye kahawa Mbozi na Rungwe wala hawahitaji ekari ya pekee, mgrevilea wa kivuli ukipunguzwa matawi kila mwaka unatoa kuni za kutosha sehemu kubwa ya jiko.

Sasa mahali pa kupanda. Si bondeni. Mlingoti unakunywa maji mengi, na ukiuweka kando ya kinyungu, ile bustani ya bondeni, miaka mitano baadaye kinyungu hicho hakitatoa mboga za kiangazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au chanzo cha maji. Mgongo wa kilima, udongo uliochoka kwa mahindi, mteremko unaokushinda kulima: hapo ndipo pake.

Upandaji wenyewe hauna siri. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 inaingiza miche 640 hivi kwenye ekari. Nunua 700, kwa sababu mingine itakufa na lazima uijazie msimu uleule. Mche wa kujazia mwaka wa pili hufunikwa na wenzake na hautoki tena. Panda mvua zikishika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, siyo kwa mvua ya kwanza ya kudanganya. Chana kiriba, ule mfuko wa nailoni wa mche, ukitoe chote. Kiriba kikiachwa chini, mizizi huzunguka kama kamba ndani yake, na mti unaanguka kwa upepo ukiwa na miaka mitatu. Palilia mita moja kuzunguka kila mche kwa miaka miwili, kwani nyasi ndizo adui mkubwa kuliko mdudu yeyote. Kisha lima barabara ya moto yenye upana wa mita 5 au zaidi kuzunguka shamba lote, uisafishe kila Juni, maana Septemba na Oktoba jirani atachoma shamba lake na upepo hautamuuliza yeyote mpaka uko wapi.

Ligawe shamba vipande saba, kila kimoja miti 90 hivi. Kipande cha kwanza kikate mwaka wa tano, ingawa miti bado myembamba, cha pili mwaka wa sita, na kuendelea. Ukimaliza cha saba mwaka wa kumi na moja, mwaka unaofuata cha kwanza kinakuwa na machipukizi ya miaka saba, na kuanzia hapo mzunguko unajiendesha wenyewe. Miaka minne ya mwanzo utaishi kwa mabanzi ya kiwanda cha mbao na matawi.

Kukata ndiko kunakoharibiwa na wengi, kwa sababu mtu anatazama mti unaoanguka badala ya kutazama kisiki kinachobaki. Kisiki kiwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15 tu. Kikiwa kirefu, machipukizi hutokea juu, yanashikilia gamba tu, na upepo wa kwanza unayabandua. Kata kwa msumeno, uso uwe na mteremko kidogo ili maji ya mvua yasitulie na kuozesha. Shoka linapasua kisiki na kutenganisha gamba na mti, na machipukizi hutoka kwenye gamba: gamba likibanduka kisiki kimekufa. Kwa sababu hiyohiyo usiburute magogo juu ya visiki, wala usirundike matawi juu yake. Tandaza matawi katikati ya mistari. Usichome hapohapo.

Msimu una mvutano wake. Ukikata Mei, kuni zinapata kiangazi chote cha kukauka, lakini machipukizi yanatoka yakutane na sakitu ya Juni na Julai, ule umande unaoganda, na kule Makete, Njombe na mabonde ya Mufindi yanaungua yote meusi. Ukikata Desemba, machipukizi yanapenda, kuni zinaota ukungu. Sisi tunaona Agosti, baridi ikishalegea, ndiyo afadhali: mizizi ya mlingoti ina akiba ya kutosha, machipukizi yatakaa tayari kupokea mvua, na kuni zilizopasuliwa mara moja zina miezi mitatu ya jua na upepo kabla ya kuingia chini ya bati. Hizo ni za kupikia mwaka unaofuata, siyo mwaka huo.

Baada ya miezi michache kila kisiki kitakuwa na kichaka cha machipukizi kumi au ishirini. Usiyaguse mapema, kwani majani hayo ndiyo yanayolisha mizizi. Yakifika mita 3 au 4, karibu mwaka mmoja, chagua mawili na mengine yakate kwa panga kali. Achia yaliyotokea chini kabisa ya kisiki, na yaliyo upande unakotoka upepo, ili upepo ukiyasukuma yaegemee kisiki badala ya kubanduka. Mawili yanatosha kwa kuni. Mtu mwenye huruma anaacha sita na anavuna fimbo. Visiki vichache havitachipua kila mkato, kama vitano katika mia, na hapo ndipo unapandia mche mpya, ukiupalilia kwa bidii zaidi kuliko mwanzo kwa sababu unashindana na wenye mizizi ya miaka saba.

Pasua mlingoti ungali mbichi. Ukikauka unakuwa chuma, na nyuzi zake zimejisokota. Kata vipande vya sentimita 40, gonga kabari kuanzia pembeni badala ya katikati, na uviache na unene wa sentimita 5 hadi 8. Gogo zima la sentimita 15 na gamba lake linaweza kukaa mwaka mzima na bado likatoa povu mwishoni likiwekwa motoni. Panga juu ya fito mbili ili kuni zisiguse ardhi, safu moja moja, upepo upite. Ukipanga kwa kimo cha mita 1.5, kuni za mwaka mzima ni ukuta wa mita 15, yaani safu nne za mita nne kasoro kidogo. Bati liwe juu tu. Ukifunika na pembeni kwa turubai umetengeneza mvuke.

Hasara ya kuni mbichi watu huieleza vibaya. Kilo 10 za mti uliokatwa leo zina kama kilo 5 za maji. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu megajuli 13, wakati zile kilo 5 za mti mtupu zina megajuli 92 hivi. Kwa hesabu hiyo umepoteza sehemu moja ya saba, na mtu anaweza kusema si kitu. Kumbe hasara kubwa haiko kwenye mvuke. Maji yanaupoza moto, na moto ukipoa, gesi zinazotoka kwenye mti haziwaki, zinatoka kama moshi. Moshi ule mweupe unaokutoa machozi ni kuni zako zikipaa bila kuungua. Mpishi naye anaona moto hafifu, anaongeza kuni nyingine mbichi juu yake.

Kujua kama zimekauka, chagua kipande kimoja, kiandike namba kwa mkaa, kipime kila Jumapili. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki tatu, basi. Asiye na mizani agonge vipande viwili: vikavu vinalia, vibichi vinatoa mlio wa kufa.

Kuhusu mkaa, ushauri wetu ni kwamba usichome mkaa wa kupikia nyumbani kama kuni zipo mlangoni. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Hata ukipata 15, zaidi ya theluthi mbili ya nishati imebaki porini. Mkaa una maana pale unapousafirisha kwenda kuuza mjini, na hapo kibali cha kuvuna na kusafirisha kinahitajika hata kama mti ni wako.

Ukichoma, choma kuni kavu, zipange zibanane, nene katikati, nyembamba zijaze mapengo. Funika kwa majani mabichi, kisha udongo usio na mawe wa sentimita 15 hivi. Bomba la moshi la mapipa matatu yaliyounganishwa, mtindo wa Casamance wa kule Senegali, hurudisha moshi moto ndani ya tanuri na kupandisha mavuno hadi kilo 25 na kuendelea. Hapa tanurini moshi mweupe wa mwanzo ni maji. Ukigeuka njano mti unavunjika. Ukiwa wa buluu na mwepesi, ziba matundu yote, kwani sasa unachoma mkaa wenyewe. Tanuri hubomoka juu kadiri linavyozama. Kila ufa ni mlango wa hewa, na usiku mmoja wa kulala unatosha kukuta majivu. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku, hata Makete, hata mwezi wa saba. Gesi yake haina harufu na huua waliolala.

Chenga zinazobaki tanurini hazitupwi. Zichekeche, kilo 10 za chenga zichanganye na uji uliopikwa kwa gramu 400 za unga wa muhogo na lita 3 hadi 4 za maji. Kanda mpaka ukifumbata ngumi donge lishikane bila kudondosha maji. Magunzi nayo yanaingia humo: yachome kwenye pipa la lita 200 lenye matundu chini, yakishika moto vizuri funika na uzibe kwa udongo mzito juu na chini, fungua kesho yake, twanga. Finyanga madonge ya ukubwa wa yai, anika kivulini siku mbili kisha juani tatu au nne. Ukianza na jua kali yanapasuka, na ukizidisha uji yanatoa moshi na kunuka kama ugali ulioungua. Yakikauka ndani, ukivunja donge rangi ni moja. Likiwa na kiini cheusi zaidi, lirudishe juani.